Vijiji Vitano na Msitu wa Mgori

Somo la Redio kwa Madarasa ya Elimu ya Watu Wazima
Historia na Uraia

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kusoma somo hili andika ubaoni maneno haya matano: mpaka, sheria ndogo, doria, stakabadhi, daftari. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Natumaini mmekwisha kaa na vitabu vyenu viko mbele yenu. Aliyekosa kusikiliza somo hili redioni asihuzunike. Maneno yote yamechapwa hapa, ayasome polepole, na akishindwa na neno amwulize mwenzake.

Leo nataka tuzungumze juu ya uongozi na umaskini. Watu wengi hudhani kwamba mambo haya mawili hayahusiani. Husema, "Umaskini ni shauri la mvua na jembe. Uongozi ni shauri la wakubwa." Sivyo hata kidogo. Kijiji chaweza kuwa na udongo mzuri, mifugo, nyuki na msitu, na watu wake wakabaki maskini vile vile. Kwa nini? Kwa sababu hakuna ajuaye mali ile ni ya nani, nani anailinda, na fedha zake zimekwenda wapi.

Mfano wetu hautoki mbali. Unatoka hapa hapa kwetu Singida. Lakini ili tuuelewe, yafaa turudi nyuma kidogo.

UONGOZI WA ZAMANI

Kabla ya Wajerumani kufika, Wanyaturu hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Mashauri yaliamuliwa na wazee wa koo. Mtu akiwa na shamba kubwa lililomshinda, alitengeneza pombe ya nafaka akawaita majirani. Walikuja na majembe yao, wakalima, wakanywa, wakaimba. Kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine. Kiongozi alikuwa mtu ambaye wenziwe walimjua tangu utoto wake, na akikosea walimwambia uso kwa uso.

Sitaki kuwadanganya. Mambo ya kale hayakuwa mema yote. Katika mabaraza ya wazee, vijana na wanawake hawakusikilizwa sana. Lakini hata zamani zile alitokea mwanamke aliyeongoza watu. Mapokeo ya Wanyaturu yamtaja Liti, aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee husimulia kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Jina lake halikusahauliwa, hata uwanja wa mpira wa mjini Singida ulikuja kupewa jina hilo. Basi mtu akikuambia kwamba mwanamke hawezi kuongoza Singida, mwulize kama amepata kusikia habari za Liti.

UONGOZI ULIOTOKA JUU

Wajerumani walitawala kwa kuweka maakida na majumbe. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza wakashika nchi. Mwaka 1926 walitunga sheria ya kuwatawala watu kwa kupitia machifu na watemi wao. Penye mtemi walimtumia huyo, na pasipo na mtemi walimweka mtu. Chifu alilipwa mshahara na serikali. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kufanya kazi za barabara.

Hapo ndipo jambo moja kubwa lilipogeuka. Kiongozi wa zamani aliwatazama watu wake, kwa maana hao ndio waliompa heshima. Kiongozi wa mkoloni alimtazama Bwana Shauri, kwa maana huyo ndiye aliyempa mshahara. Watu nao wakajifunza kumwogopa kiongozi na kumkwepa. Walijifunza pia kusema neno hili la hatari: "Hiyo ni mali ya serikali."

Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1961. Tuliambiwa kwamba maadui wetu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1963 Singida ikawa mkoa, na katika mwaka huo huo madaraka ya machifu yakaondolewa na sheria. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha na siasa ya kujitegemea.

Yako mengi mema yaliyofanyika katika miaka iliyofuata. Kwa mfano, mwaka 1973 kulikuwa na masomo ya redio yaliyoitwa "Mtu ni Afya." Watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wengine wakasikiliza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Waliokiongoza kikundi walikuwa watu wa pale pale kijijini.

Lakini mengine hayakwenda vizuri, nami nitayasema ijapokuwa mimi mwenyewe ni ofisa. Katika operesheni za miaka ya 1970, watu kwa mamilioni walihamishiwa katika vijiji vipya. Wengine walihama kwa hiari, wengine kwa nguvu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mipango mingi ikatoka ofisini kuja kijijini kama amri. Maofisa wengi walikuwa na nia njema. Hata hivyo, mtu akishapangiwa kila kitu, hukaa na kungoja apangiwe tena.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria ya serikali za mitaa za wilaya. Sheria hii iliipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo ni sheria ya kijiji chenyewe. Watu huijadili katika Mkutano Mkuu, kisha Halmashauri ya Wilaya huikubali, na baada ya hapo ni sheria kamili. Kwa miaka mingi uwezo huo ulikaa katika karatasi tu. Sasa tutaona jinsi ulivyotumiwa.

MSITU USIO NA MWENYEWE

Upande wa mashariki wa mji wa Singida, kuelekea mipaka ya Hanang na Kondoa, uko msitu wa Mgori. Ni msitu wa miombo, na ukubwa wake wapita hekta 40,000. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Basi fikirini kama eka 100,000 za miti.

Vijiji vitano vimepakana na msitu huo: Ngimu, Pohama, Mughunga, Unyampanda na Nduamughanga. Watu wa vijiji hivi walipata humo kuni, miti ya kujengea, majani ya kuezekea, dawa, asali, na malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Ninyi mnajua kiangazi cha Singida kilivyo. Mvua zetu zina msimu mmoja, na zikikatika katika Aprili hatuzioni tena mpaka Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo mikavu msitu ni ghala ya maskini.

Lakini ghala hiyo haikuwa na mlango. Watu kutoka mbali waliingia kufyeka na kuchoma moto ili wapande nafaka, na ardhi ikichoka wakahamia mahali pengine. Wengine waliingia kupasua mbao, wengine kuwinda. Wenyeji waliona, wakanyamaza. Ungemwuliza mmoja wao, "Mbona humzuii yule?" angekujibu, "Nimzuie kwa amri ya nani? Msitu si wangu."

Serikali nayo iliona msitu unakwisha. Dawa iliyofikiriwa ilikuwa ile ya zamani, yaani kuufanya msitu wote kuwa hifadhi ya serikali na kuweka walinzi wa serikali. Lakini jaribuni kufanya hesabu. Walinzi wachache, wenye baiskeli au wenye miguu yao tu, walinde eka 100,000? Tena wenyeji, wakisikia kwamba msitu utachukuliwa, wangefanya nini? Mtu akijua kwamba kitu chake kitachukuliwa kesho, hukimaliza leo.

JAMBO LILILOANZA BABATI

Jibu la fumbo hili lilionekana kwanza kwa jirani zetu wa Babati. Huko uko msitu wa Duru-Haitemba, wa hekta kama 9,000. Huko pia serikali ilikusudia kuufanya msitu kuwa hifadhi yake, na wanavijiji wakakataa. Baada ya mabishano, ofisa mmoja baada ya mwingine akakubali kuwauliza swali hili: "Kama tukiwaachia ninyi, mtaulindaje?" Mwaka 1994 vijiji vinane vilijibu kwa vitendo. Kila kijiji kilichagua kamati, kikaandika kanuni zake, kikatoa walinzi wake.

Mwaka uliofuata, yaani 1995, jambo hilo likaja Mgori. Fedha za kusaidia mpango zilitoka serikali ya Uswidi, lakini kazi yenyewe ilifanywa na wanavijiji.

Kazi ya kwanza ilikuwa mipaka. Msitu mmoja mkubwa uligawanywa ili kila kijiji kijue sehemu yake. Wazee walitembea msituni pamoja na vijana, wakaonyeshana: huu mlima ni wetu, kile kijito ni chenu. Msidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Mpaka ukijulikana, mwizi hana pa kujificha, na mlinzi hana pa kutolea udhuru.

Kazi ya pili ilikuwa kanuni. Waligawa matumizi ya msitu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo kila mwanakijiji aliweza kuchukua bure, kama vile kuni zilizokauka, dawa na uyoga. Fungu la pili ni vitu vilivyotaka kibali, kama vile miti ya kujengea. Fungu la tatu ni mambo yaliyokatazwa kabisa, kama vile kufyeka mashamba na kuchoma moto. Kanuni hizo zikawa sheria ndogo, na zikawabana wenyeji na wageni sawasawa.

Kazi ya tatu ilikuwa doria. Doria ni kuzunguka kwa zamu ili kulinda. Vijana wa kijiji walipewa kazi hiyo. Hawakupewa mshahara wa serikali. Walisamehewa kazi nyingine za kijiji, na walipomkamata mvunja sheria walipata sehemu ya faini. Mlinzi mgeni hujua barabara. Kijana wa pale hujua kila kichaka, na akisikia shoka linalia, ajua linalia kwa nani.

UMASKINI ULIPUNGUZWAJE?

Labda mwanafunzi mmoja atainua mkono aulize, "Ofisa, umesema juu ya miti. Umaskini uko wapi?"

Swali ni zuri. Sitawaambia kwamba watu wa Mgori waliamka asubuhi moja wakajikuta matajiri. Umaskini wa shamba hauondoki hivyo. Lakini tazameni mambo matatu.

Kwanza, mali iliyokuwa ikipotea ilianza kuwa na mwenyewe. Mama mwenye kuni karibu hapotezi siku nzima kutafuta kuni, na siku hiyo aweza kuitumia shambani. Mwenye miti ya kujenga hanunui. Mwenye mzinga katika msitu usiochomwa moto aweza kutumaini asali. Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Lakini nyuki nao hufuata maua, na maua hayakai penye moto.

Pili, faini na malipo ya vibali viliweza kuingia katika mfuko wa kijiji. Kijiji chenye mfuko wake chaweza kutengeneza paa la shule bila kungoja barua kutoka wilayani.

Tatu, nami naona hili ni kubwa kuliko yote, watu walipata mazoezi ya kujitawala. Aliyezoea kuongoza doria aweza kuongoza chama cha ushirika. Aliyezoea kuhesabu faini aweza kuhesabu magunia ya alizeti yasipunjwe kwenye mizani.

Habari za Babati na Mgori hazikukaa kijijini. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilitambua kwamba vijiji vyaweza kumiliki na kulinda misitu yao. Ikafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoweka wazi hifadhi za misitu za vijiji kwa nchi nzima. Mara nyingi sisi huona sheria inashuka kutoka mjini kuja shamba. Hapa tendo la watu wa shamba lilipanda mpaka Bungeni.

Hata ng'ambo watu waliliona jambo kama hili. Nchi ya Nepal, iliyo milimani huko Asia, ilitunga sheria mwaka 1993 ya kuwapa wanavijiji misitu wailinde. Na mwaka 2009 mwanachuoni mmoja wa Marekani, mwanamke jina lake Elinor Ostrom, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichunguza malisho, misitu na mifereji ya maji katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba watu wa kawaida waweza kutunza mali yao ya pamoja, ikiwa mipaka yajulikana, kanuni wamezitunga wao, na walinzi wawajibika kwao. Bila shaka mwaona kwamba hayo ni mambo yale yale ya Mgori.

HATARI ZA UONGOZI

Lakini msidhani kwamba kijiji kikiisha kuchagua kamati, kazi imekwisha. Msitu ulio karibu na watu wanaotafuta mashamba hauachi kuvamiwa, na ulinzi hauna siku ya mwisho. Misaada nayo huisha. Wafadhili wakiondoka, ndipo hujulikana kama kazi ilikuwa ya wafadhili au ya watu.

Tena iko hatari inayotoka ndani. Mwenye kushika kibali aweza kukiuza gizani. Mwenye kushika faini aweza kuila. Nitawapa kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Kijiji chenyewe sitakitaja.

Nilikaa katika mkutano, mweka hazina akasoma hesabu za mwaka. Alisoma haraka haraka, watu wakapiga makofi. Kisha akasimama bibi mmoja, mwanafunzi wa darasa la kisomo. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mwanangu, naomba nikione kitabu cha stakabadhi." Stakabadhi ni karatasi apewayo mtu aliyelipa fedha, na kila moja ina namba yake. Watu wengine walicheka. Bibi akafungua kitabu, akaweka kidole juu ya namba, akasoma taratibu: "Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na sita." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Thelathini na mbili iko wapi?"

Kicheko kilikatika. Hesabu zile hazikupitishwa siku ile. Bibi yule hakuwa na cheo, wala hakupaza sauti. Alikuwa amejifunza namba mwaka ule ule, katika darasa kama hili lenu. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza faida ya kisomo kwa mtu mzima, humtajia namba 32.

Wahenga wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Daftari bila msomaji ni sawa na kutokuwa na daftari.

NA KIJIJI CHAKO JE?

Sasa nakugeukia wewe unayesoma. Huenda kijiji chako hakina msitu. Lakini kina kisima, au josho, au lambo, au shamba la shule, au mashine ya kusaga. Kila kimoja ni Mgori ndogo. Basi jua haki zako.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa watu wote wazima wa kijiji, wenye miaka 18 na zaidi, wanaume kwa wanawake. Kwa sheria ile ya mwaka 1982, yapasa ukutane si chini ya mara moja kila miezi mitatu. Huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, nao ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mwenyekiti si chifu. Ni mtu mliyempa kazi, naye hana budi kuwapa hesabu ya kazi ile.

Kiongozi mwema haogopi kuulizwa, na watu wema hawaoni haya kuuliza. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Mpaka wetu uko wapi? Kanuni tulizitunga lini? Nani analinda? Daftari liko wapi? Kijiji kinachoweza kujibu maswali haya manne kimekwisha anza kuutoka umaskini, hata kama mvua ya mwaka huu haikuwa nzuri.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja vijiji vitano vinavyopakana na msitu wa Mgori. Ni mwaka gani vilianza kuulinda?
2. Kwa nini wenyeji hawakuwazuia wageni walioingia msituni hapo kwanza?
3. Taja mali moja ya pamoja ya kijiji chenu. Nani anailinda? Nani anaweka fedha zake?
4. Tuseme mashine ya kijiji ilitoa stakabadhi 40, na kila moja ni ya shilingi 5,000. Mweka hazina asema amepokea shilingi 150,000. Zimepungua shilingi ngapi? Ni sawa na stakabadhi ngapi?
5. Mkutano Mkuu wa kijiji chenu ulikutana lini mara ya mwisho? Asiyejua akaulize, na wiki ijayo alete jibu lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu wanafunzi, someni somo hili tena nyumbani, na yeyote aliye na mtu asiyejua kusoma amsomee. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.